Kidole Hakibadilishwi

Mwaka wa kwanza niliibiwa hela ya boom. Jamaa alichungulia namba yangu ya siri kwenye ATM, kisha kadi ikapotea. Nikapewa kadi mpya na namba mpya, yakaisha.

Mwaka 2017 Mastercard walijaribu Afrika Kusini kadi inayosoma kidole, alama ikihifadhiwa ndani ya kadi yenyewe. Hiyo naikubali. Shida ni alama zinazobaki kwa watu. Wakala wa laini aliniambia, "Haijasoma dada, weka tena." Nikaweka mara tatu. Baadaye napiga *106#, nakuta laini mbili nisizozijua. Zilifungwa, sawa, ila kidole nitabadilisha na kipi?

Juzi benki nikauliza alama yangu inatunzwa wapi.

"Weka kidole dada, foleni ndefu."

Nikaweka.