Nani Atazungusha Gurudumu?



Wapendwa wasomaji, wengi wenu mliotutembelea siku ya sikukuu ya somo wa nyumba yetu mliona nyuma ya jiko tangi la samaki, na pembeni yake kitanda cha mchicha kisicho na udongo. Baadhi mliomba maelezo. Tunaandika kuwajibu, na pia kwa sababu kuna jambo ambalo siku ile hatukuwaambia.

Sisi ni mafrateri wanne wa mwaka wa pili wa falsafa. Shabaha yetu ilikuwa familia isiyo na umeme, yenye uwanja usiozidi kivuli cha mwembe, ipate mboga na kitoweo kutoka katika maji yaleyale. Ufugaji wa namna hii huitwa akuaponiki, na mara nyingi huendeshwa na pampu ya umeme. Yetu tulitaka iendeshwe kwa mkono.

Mambo yenyewe huenda hivi. Samaki hutoa amonia, na ikizidi majini huwaua. Lakini maji yakipitishwa kwenye kokoto, bakteria waliojishikiza humo huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hicho ni chakula cha mboga. Maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafishwa. Bakteria hao huja wenyewe, ila huchukua kama wiki nne hadi sita kukaa sawasawa. Mwenye haraka atazika samaki.

Tangi letu ni la lita 500, tumelifukia nusu ardhini lisipate joto la ghafla. Kitanda ni cha mbao, kimetandikwa nailoni nzito na kujazwa kokoto kina cha sentimita 30. Kokoto tulizimwagia siki kwanza; zilizotoa povu zina chokaa, nazo huharibu maji, tukazirudisha barabarani tulikoziokota. Pampu ni ya kamba: rimu ya baiskeli iliyofungwa mpini, kamba ya nailoni, na visahani tulivyovikata kutoka kandambili chakavu. Visahani hupita ndani ya bomba la plastiki na kuyapandisha maji. (Kandambili zilipatikana bila shida. Hakuna nyumba ya malezi inayokosa kandambili za mguu mmoja.) Kupandisha lita 100 hadi kitandani ni kazi kama ya kujitwika ndoo tano kubwa. Tuliona ni jambo dogo. Tulitia vifaranga 40 vya perege, tukagawana zamu kwa mdomo, tukaanza kujisifu mezani.

Katika wiki ya kumi tuliingia mafungo ya kimya ya siku tatu. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameombwa kuzungusha gurudumu. Kimya kikatusaidia kutokuulizana. Jioni ya siku ya kwanza mmoja wetu, kwa huruma, aliwamwagia samaki mabaki ya ugali, mengi kuliko walivyoweza kula. Ugali ukaoza usiku, na kinachooza majini hula hewa ileile wanayoihitaji samaki. Alfajiri ndiyo saa ambayo hewa majini huwa kidogo kuliko saa zote. Tulipotoka Masifu ya Asubuhi tuliwakuta wachache wametoa midomo juu ya maji, wakihema. Waliobaki walikuwa wanaelea ubavu. Tulihesabu 31.

Mlezi wetu alitusubiri mafungo yaishe. Aliuliza, “Zamu ilikuwa ya nani?” Tukajibu, “Yetu, Padre.” Akasema, “Kengele ya hapa haijawahi kupigwa na ‘yetu’. Hupigwa na frateri mwenye jina.” Hakuongeza neno. Tumesoma Aristotle na sababu zake nne, na tulishaandika kurasa nzuri kuhusu maada, umbo na lengo la mtambo wetu. Sababu tendaji, yaani yule mtu anayeamka na kushika mpini, tuliiacha iwe wingi.

Tungeishia hapo, lakini tulikuwa tumeshamwahidi mama mmoja wa kigango tunakokwenda kwa utume siku za Jumamosi. Ni bibi anayelea mjukuu wa miaka sita. Tulimwendea tukiwa na aibu, tukamweleza yote. Alisikiliza, akasema, “Poleni, wanangu. Sasa mimi siku ya gulio naondoka kabla ya jua, narudi giza likiingia. Nani atazungusha?” Swali lile hatukuwa tumejiuliza hata mara moja. Sisi tulibuni mtambo kwa ajili ya watu wanne wenye nguvu wanaoishi pamoja kwa kengele, kisha tukauita wa familia.

Tukaanza upya. Juu ya kitanda tuliweka pipa. Bibi analijaza alfajiri na tena jioni, mara mbili tu, na maji hutiririka polepole kupitia tundu dogo kwa saa kadhaa, yakishuka kwenye kokoto na kuanguka tangini kwa urefu wa mkono. Maporomoko hayo madogo ndiyo yanayoingiza hewa. Samaki tukapunguza kutoka 40 hadi 12, ili hata akichelewa siku moja wasife. Chakula ni kidogo, kile wanachokimaliza kwa dakika chache. Juu ya tangi tukafunga wavu wa nondo kwa ajili ya mjukuu. Hilo tunawasihi msiliache, maana tangi lililofukiwa nusu ni shimo la maji. Na ikiwa mnatumia maji ya bomba yenye klorini, yaacheni wazi siku moja au mbili kabla ya kutia samaki.

Tusiwadanganye: samaki 12 si shibe ya nyumba. Mboga ndiyo faida kubwa. Bibi amekwisha kuvuna mchicha mara mbili, na amepanda figili pembeni bila kutuuliza. Samaki bado wadogo, na mjukuu amewapa majina. Wanne kati yao wanaitwa kwa majina yetu, kwa hiyo hatujui itakuwaje siku ya kikaango.

Wiki iliyopita kamba ilikatika. Bibi hakutusubiri, alijaza pipa kwa ndoo siku tano. Ametuma ujumbe kuomba kamba nene zaidi. Jumamosi inapelekwa, na safari hii jina la mpelekaji limeandikwa ubaoni.