Mashine Haisikii Mifupa



Kila kiangazi, nyasi zikishaungua na ardhi kubaki wazi, mapori ya Mahiwa na Nyangao mkoani Lindi hupata wageni. Huja kwa pikipiki wakiwa na sururu, na mashine yenye mpini mrefu na sahani ya duara chini yake, ambayo huipitisha juu ya ardhi polepole kama mtu anayefagia. Ukiwauliza wanatafuta nini, hujibu kwa sauti ya chini: mali za Mjerumani.

Imani hiyo haiko Lindi tu. Karibu kila mkoa utasikia kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia masanduku ya rupia. Ina chembe ya ukweli, maana mwaka 1916, njia za meli zikiwa zimefungwa, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo, na leo wakusanyaji wanazinunua kwa fedha nyingi. Lakini jeshi lililopita huku mwaka uliofuata lilikuwa likitafuta chakula na risasi. Mimi ni mzaliwa wa huku na sijamwona bado aliyetajirika kwa rupia. Ninaowaona wakipata kitu ni wanaokodisha mashine.

Kinachopatikana kweli ni mabaki ya vita. Katikati ya Oktoba 1917, kwa siku kama nne, majeshi ya Jenerali von Lettow-Vorbeck na ya Waingereza yalipigana hapa, na mapigano hayo yanahesabiwa kati ya yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita ile Afrika Mashariki. Majenerali walikuwa Wazungu. Waliokuwa kwenye mahandaki wengi wao walikuwa Waafrika: huku askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, kule askari wa Mjerumani waliotoka Unyamwezi, Usukuma na kwingineko. Hata leo mkulima akipalilia mikorosho anaweza kuokota ganda la risasi. Akiokota kombora zima, asiliguse wala asilipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Aweke alama na kutoa taarifa polisi. Miaka mia moja haitoshi kulifanya baruti lisahau kazi yake.

Likizo iliyopita niliwakuta vijana watatu wakichimba kando ya shamba la jirani yetu. Kiongozi wao alikuwa mkarimu, akanivalisha vipokea sauti nisikilize. Akanieleza kwamba sahani ile hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Ikikuta chuma au shaba, umeme mdogo huzunguka ndani ya kipande hicho, nacho hurudisha sumaku yake, ndipo mashine hulia. Darasani tumejifunza kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba kila chombo hupokea kwa kadiri kilivyoumbwa kupokea. Sikutegemea kuliona somo hilo shimoni.

Mashine ililia. Wakachimba hadi kimo cha goti, wakatoa bizimu ya mkanda, vifungo viwili vya shaba vilivyoota kutu ya kijani, na maganda matano. Kisha ukatoka mfupa wa paja, na mwingine. Kijana mwenye sururu aliitupa mifupa juu ya kifusi. Nikamwambia, “Kaka, huyo ni mtu.” Akanijibu bila ubaya wowote, “Frateri, mfupa hauna bei.”

Jibu lile lilinisumbua kwa sababu ni la kweli. Na kama mfupa wa mwenye vifungo hauna bei, je, wa mpagazi? Kila askari alihitaji watu wa kumbebea chakula, dawa na masanduku ya risasi. Walibeba kilo 25 hivi kichwani, wengi wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu vijijini, wakala unga usioiva vizuri, wakafa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Upande wa Waingereza peke yao, rekodi zao zenyewe zinataja zaidi ya vifo 40,000 vya wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi chao, na tunakwenda pale kununua viatu. Risasi tunazookota leo zilifika huku juu ya vichwa vyao, na mashine inazisikia risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Askofu Paulino wa Nola aliwahi kumuuliza Mtakatifu Augustino kama marehemu ananufaika kuzikwa karibu na kaburi la shahidi. Augustino alijibu kwamba mazishi huwafariji zaidi walio hai, na kinachomsaidia marehemu ni sala. Aliyekosa kaburi hajapotea mbele ya Mungu. Nampenda Augustino kwa jibu hilo, ingawa naona ni rahisi kulitumia vibaya, tukasema basi mifupa ibaki kifusini. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Aliuita utunzaji wa miili tendo la wema.

Tulimwita mwenyekiti wa kijiji, naye akawaita polisi. Walipojiridhisha kuwa ni mifupa ya kale, waliruhusu izikwe palepale. Paroko alikuja, na katekista akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: tunamzika nani, na wa dini gani? Wanigeria wengi walikuwa Waislamu, na askari wengi wa Mjerumani vilevile. Mzee mmoja, jirani yetu Mwislamu, akasema, “Padri, wewe omba vya kwenu, na mimi nitaomba vya kwetu. Mmoja wetu atampata.” Wakafanya hivyo, wakipokezana. Vifungo na bizimu tuliviweka pamoja na mifupa. Kiongozi wa wale vijana ndiye aliyevirudisha, bila kuombwa.

Kesho yake walipakia mashine kwenye pikipiki na kuhamia kijiji kingine, waliposikia kuna rupia.