Programu isiyojaribika

Wadau, leo siasa pembeni. Kuna wanaoniuliza kwa nini mwandishi wa habari anahangaika na programu za kompyuta. Jibu fupi: siku hizi habari nyingi zinatufikia zikiwa ndani ya mafaili. Bajeti, matokeo ya mitihani, bei za mazao. Ukilisoma faili vibaya umeandika uongo, hata kama nia yako ni safi.

Mnakumbuka yaliyotokea England mwaka 2020? Mamlaka ya afya ya umma ilikuwa inapokea matokeo ya vipimo vya korona katika mafaili ya CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kisha inayaingiza kwenye Excel ya muundo wa zamani, ambao kila karatasi inaishia mstari wa 65,536. Iliyozidi ikadondoka. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuhesabiwa kwa wakati, na watu waliokuwa karibu nao wakachelewa kutafutwa. Hakuna kengele iliyolia. Hicho ndicho kinachonitisha, ule ukimya.

Basi bwana, wiki hii nimekabidhiwa programu ya Python iliyoachwa na jamaa mmoja aliyehama kazini kwetu. Inasoma bei za mazao kutoka masokoni. Kila kitu kimerundikwa mahali pamoja: inafungua faili, inakata kila penye mkato, inageuza maneno kuwa namba, inapiga wastani, inachapa jedwali. Ikikuta mstari wenye kasoro inauruka bila kusema. Na huwezi kuijaribu mpaka uwe na faili halisi, kwenye folda ileile aliyoizoea yeye. Utajuaje imeharibu wapi?

Nikaivunja vipande vitatu. Cha kwanza kinafungua faili na kukabidhi mistari, basi. Cha pili kinapokea mistari na kurudisha mafungu mawili: iliyosomeka, na iliyokataliwa pamoja na sababu yake. Hakijui kama mistari imetoka kwenye diski, kwenye intaneti au kwenye vidole vyangu. Cha tatu ndicho kinachopiga hesabu.

Hapo raha ikaanza, maana kipande cha pili hakihitaji faili. Naandika mstari mmoja ndani ya jaribio lenyewe: zao ni "maharage, ya njano", mkato ukiwa ndani ya alama za nukuu. Je, kitaliona kama neno moja? Halafu bei iliyoachwa wazi. Halafu tarehe 03/04, ambayo kwetu ni Aprili 3 lakini kwa Mmarekani ni Machi 4. Majaribio yote yanaisha kabla sijameza funda la chai. (Kukata mikato kwa mkono msijisumbue, jamani. Python ina moduli yake ya CSV, nayo inakubali hata orodha ya mistari uliyojiandikia.)

Kisha nikakipa faili la mwezi uliopita. Mistari iliyokataliwa yote ilitoka soko moja, ambako karani anaandika bei hivi: "85,000". Mkato wa maelfu! Programu ya zamani ilikuwa inairuka kila mwezi, kwa hiyo wastani tuliochapisha haukuwa na soko hilo hata kidogo.

Bei hiyo sasa ina jaribio lake. Mhariri anataka tutoe masahihisho kesho asubuhi. Mimi nimeomba kwanza nimpigie karani, nijue ameanza lini kuandika hivyo, ili tujue turudi nyuma miezi mingapi.