Mizizi Ambayo Sikuiona



Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa darasa la tano aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, ni kweli ulienda mpaka Kisangani kusomea uyoga?" Darasa lote liliseka, na mimi pia niliseka. Lakini usiku nilifikiri, nikaona ya kuwa swali lile linastahili jibu. Ndiyo sababu naandika katika gazeti letu hili.

Ndiyo, ni kweli. Iniversite ile ilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963. Mwaka 1971 Serikali iliiunganisha na zile zingine, na tangu mwaka 1981 inajitegemea tena, ikiitwa Iniversite ya Kisangani. Katika masomo yangu ya biolojia mlikuwa somo moja liitwalo kriptogami. Jina hili limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni ndoa ya siri. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, mwaka 1753 aliitia katika mfuko mmoja mimea yote isiyoonyesha maua: kijani kile kifupi kinachoota juu ya mawe na kuta, utelezi wa majini unaoitwa alge, uyoga na kuvu, hata na majani ya jamaa ya feri. Leo wataalamu wamekwisha kuufungua mfuko huo. Uyoga na kuvu si mimea hata kidogo, ni ufalme wao wenyewe, na udugu wao ni karibu na wanyama kuliko na miti. Utelezi mwingine wa rangi ya buluu na kijani ni bakteria. Lakini sisi tuliendelea kuvisoma pamoja, kwa kuwa vyote vinadai kitu kimoja: macho yenye saburi.

Macho hayo mimi sikuwa nayo. Siku ya kwanza ya laboratwari asistanti alibandua kijani cha ukuta nyuma ya nyumba, akampa kila mtu kipande. "Angalia, halafu chora." Nilitazama ndani ya mikroskopi dakika mbili tu, kisha nikachora kamti kazuri: shina, majani, na chini yake mizizi minene yenye matawi. Nilikuwa wa kwanza kutoa karatasi yangu. Kesho yake ilirudi na 4 juu ya 20.

"Hii mizizi uliona wapi?" asistanti aliniuliza.

"Asistanti, kila mumea iko na mizizi."

"Sikuuliza kila mumea. Niliuliza hii. Weye ulichora ile kitu iko mu kichwa yako, hapana ile iko mu mikroskopi. Rudia kuangalia."

Nilirudia kuangalia, nikaona haya. Mizizi haikuwako. Chini ya kale kamti mlikuwa nyuzi tu, nyembamba kama nywele, seli moja nyuma ya seli nyingine. Kazi yao ni kushika ukuta, si kunyonya maji kama mizizi ya muhindi. Tena ndani ya shina hamkuwa mifereji kama ile ya miti. Mimea ya namna hii hunywa maji kwa mwili wake wote. Jua likiwaka inakauka na kujikunja, utasema imekufa. Mvua ikinyesha, baada ya dakika chache inafunguka tena na kuwa kijani. Na kwa sababu haina mifereji ya kupandisha maji juu, haiwezi kurefuka sana. Mti wa msitu una mifereji, ndiyo maana unaweza kufika mita makumi. Lakini mwenye mifereji ana hatari yake: mifereji ikizibwa, anakufa.

Neno hili la mifereji lilinishika moyoni, na sasa nitawaambia sababu yake.

Katika miaka ya 1990 baba yangu alikuwa na shamba la kahawa ya robusta upande wa Beni. Kahawa ile ilitulipia minervale sisi watoto sita. Msimu mmoja majani yakaanza kugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mti kwanza, kisha mti wote unakauka ukisimama. Baada ya miezi michache mti huu, kisha ule wa pembeni, kisha mstari mzima. Dada zangu wawili walirudishwa nyumbani kwa kukosa feza ya shule, na mmoja wao hakurudi tena shuleni mpaka leo.

Baba alitafuta mwenye kosa. Akakumbuka kwamba jirani yetu, mtu wa kanisa letu, mwimbaji mwenzake, alipita shambani akasema: "Muzee, kahawa yako inazaa sana!" Juma lile lile mti wa kwanza ulianza kunyauka. Kwa baba hii ilikuwa ushuhuda wa kutosha: tumelogwa. Aliacha kumsalimia. Siku ya Meza ya Bwana mmoja akiingia, mwingine anatoka. Sisi watoto tulikatazwa kupita kwa kiwanja chao, na mimi niliamini. Miaka kumi niliamini.

Katika mwaka wa tatu wa graduat profesa alifika kwenye kuvu zinazoua mimea. Alisema juu ya kuvu moja, Fusarium xylarioides. Ilionekana mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Iliharibu kahawa nyingi, na wataalamu wa Yangambi, si mbali na Kisangani, walitafuta miti yenye nguvu ya kuishinda. Ugonjwa ukapungua, watu wakausahau, halafu ukarudi kaskazini ya Kongo, ukashuka mpaka Beni katika miaka ya 1990, ukaingia na Uganda. Kuvu hiyo huingia kwa kidonda cha mti, kama pale panga linapokwaruza shina wakati wa kulima, kisha inaziba mifereji ya maji. Majani yananyauka hata kama mvua inanyesha. Ukibandua ganda la mti, utaona mti ndani una rangi ya buluu nyeusi.

Kalamu yangu ilisimama. Sikuandika tena kitu siku ile.

Wakati wa likizo nilifika nyumbani. Mwisho wa shamba ilibaki miti michache ya kahawa, na mmoja ulikuwa unakufa. Nilimwita baba, nikabandua ganda kwa kisu mbele yake. Ile rangi ilikuwako.

"Baba, ni kuvu. Ni kitu kidogo, inaziba njia ya maji."

"Weye ulisoma mingi," alinijibu. "Lakini uchawi hauonekane mu mikroskopi."

"Ni kweli, Baba. Lakini hii inaonekana."

Alinyamaza, akagusa ile rangi kwa kidole. Nikamweleza ya kwamba mti mgonjwa lazima ung'olewe na kuchomwa pale pale, usibebwe kwenda kuwa kuni, na ya kwamba panga lililogusa mti mgonjwa linaweza kupeleka ugonjwa kwa mti mzima, mpaka lipitishwe kwa moto. Hapo uso wake ulibadilika. Alisema polepole: "Ile mwaka, mbele ya kugombana, nilimuazima panga yangu. Na kahawa yake ilikufa nyuma ya yetu."

Wapenzi, siwezi kuapa kwamba panga letu ndilo lilimwua kahawa jirani. Sikuliona, na nisiloliona silichori tena. Pengine ugonjwa ulimfikia kwa njia nyingine. Nililoliona ni hili: baba hakulala vizuri siku zile. Majuma matatu yalipita. Halafu asubuhi moja alishika jogoo, akavaa koti lake la Jumapili, akaenda kwa jirani peke yake. Sijui walisema nini. Alirudi magaribi bila jogoo, na Jumapili waliketi kwa benchi moja. Masomo ya dada yangu hayakurudi, wala miaka kumi ya salamu zilizokosekana.

Basi jibu langu kwa mwanafunzi yule ni hili. Nilienda Kisangani kusomea uyoga, na kuvu, na kijani cha ukuta, na huko nilijifunza kwamba mimi na baba tulikuwa na kosa moja. Mimi nilichora mizizi isiyokuwako, kwa sababu nilijua tayari kila mumea una mizizi. Yeye alimwona mchawi asiyekuwako, kwa sababu alijua tayari kila hasara ina mtu nyuma yake. Kosa langu lilinigharimu pointi 16. Kosa lake lilivunja amri ya tisa na lilitenga nyumba mbili.

Tunasoma katika Wafalme wa Kwanza ya kuwa hekima ya Sulemani ilifika toka mwerezi mkubwa mpaka kamti kanakoota ukutani. Hakudharau kale kadogo. Kwenye ukuta wa internati yetu, upande wa tangi la maji, kuna kijani kifupi ambacho mnakipita kila asubuhi. Jumatano tutakibandua kidogo na kukitazama. Mje na kalamu ya risasi na karatasi nyeupe. Lakini nawaonya mapema: atakayenichorea mizizi nitamwuliza aliiona wapi.

Mwalimu wenu wa biolojia, zamani mwanafunzi wa shule hii