Mashine Isikiayo Usahaulifu

Bila shaka umepata kumsikia mzee akitafuta jina la kitu, akalikosa, akasema tu "kile kidude". Sote twapatwa na hayo. Lakini yakizidi, huenda ikawa dalili ya ugonjwa wa ubongo alioueleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Hata leo hakuna dawa ya kuuponya.

Siku hizi wataalamu huifundisha kompyuta kuutambua mapema. Huipa mifano mingi, kama mtoto afundishwavyo kutenga mchele na chuya. Mwaka 2020 watafiti walishindanisha kompyuta kwa sauti za watu 156, nusu wagonjwa, nusu wazima. Kila mmoja alikuwa ameeleza picha moja: mama apangusa vyombo, maji yafurika, na nyuma yake mtoto amepanda kigoda akiiba biskuti. Mgonjwa huelekea kunyamaza katikati ya maneno, kurudia, na kuacha majina ya vitu. Kompyuta zilijifunza dalili hizo, ila hata zilizo hodari zilikosea baadhi ya watu.

Niliposoma habari hiyo nilimfikiri mama yangu mkubwa, mwenye miaka 81. Wale watu 156 walisema Kiingereza. Yeye husema Kiswahili, na akiiona picha ile atasema, "Anaziiba!" Neno moja tu, wala biskuti hazikutajwa. Je, amesahau jina lake? La, ndiyo lugha yetu ilivyo. Mashine isiyowahi kufundishwa kwa sauti za wazee wetu yaweza kumwita mgonjwa aliye mzima, na mzima aliye mgonjwa. Kwa hiyo yafaa sauti zao nazo zikusanywe, kwa ridhaa yao.

Lakini wewe usingoje mashine. Ukisikia maneno ya mzazi yamebadilika, usiseme "ni uzee tu", wala usimtafute mchawi. Mpeleke kwa daktari. Pengine amepungukiwa vitamini B12, au tezi ya shingoni haifanyi kazi sawasawa, nayo hutibika. Na kama ndio ugonjwa wenyewe, kujua mapema kutampa nafasi ya kusema mwenyewe, akili zingali timamu, nani amtunze na shamba liwe la nani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.