Lita Zilizobaki

Hapa Kiloleli watu wakiniona naegesha gari, swali huwa moja: "Mwalimu, hivi hilo gari lako lita moja linakwenda kilomita ngapi?" Siku hizi najibu bila kusita. Lakini ipo miezi 14 ambayo swali hilo lilinifanya nitazame pembeni, hasa likiulizwa na mtu wa usharika wetu. Nimeombwa niandike juu ya imani katika maisha ya kila siku, nami sina ushuhuda mwingine wa kweli kuliko huu wa mafuta ya gari.

Nilistaafu ualimu nikiwa na Toyota Noah iliyochoka. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya uinjilisti, na kwa kuwa usharika hauna gari, gari langu ndilo lililompeleka mchungaji kwenye mitaa yetu: ibada, mazishi, Meza ya Bwana kwa wagonjwa, sadaka za mavuno. Kamati ilikubali kunirudishia mafuta. Tulipima pamoja, tukaona Noah ile inakwenda kilomita 9 kwa lita. Tangu siku hiyo mama mhazina alichukua kilomita za safari, akazigawa kwa 9, akanipa fedha za lita hizo kwa bei ya mwezi husika. Ilikuwa haki kabisa.

Mwaka 2022 petroli ilipanda. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tulisubiri bei mpya za EWURA kama wanafunzi wanaosubiri matokeo ya mtihani, na lita moja ilipopita shilingi 3,000 nikaona Noah itanimaliza. Mwezi Juni niliiuza, nikaongeza sehemu ya kiinua mgongo changu, nikanunua Mwanza Toyota Aqua iliyotumika kutoka Japani. Ni gari la haibridi.

Kwa asiyelijua, gari la namna hii lina injini ya petroli na mota ya umeme. Halichomekwi kwenye umeme popote. Ukikanyaga breki au ukishuka mteremko, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha kwenye betri nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kama joto la breki. Ukisimama, injini inazima. Ukiondoka taratibu, umeme unasukuma na petroli inapumzika. Ndiyo maana gari hili linabana zaidi penye kusimamasimama kuliko kwenye barabara ndefu iliyonyooka, kinyume cha magari tuliyoyazoea. Hata matuta ya barabarani, ambayo zamani niliyalaani, sasa kila moja linanirudishia kitu kidogo.

Muuzaji aliniambia, "Mzee, hii ni kilomita 35 kwa lita." Hakuitunga namba hiyo. Aqua za mwanzo, zilizotoka Desemba 2011, zilitangazwa Japani kwa kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo chao kiitwacho JC08. Lakini kipimo hicho hufanyiwa ndani ya maabara, gari likizunguka juu ya magurudumu ya mashine. Maabara haina vumbi la Simiyu wala kwaya iliyojibana watu wanne kiti cha nyuma.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilinunua daftari nikaliweka ndani ya gari. Njia yangu ilikuwa rahisi: najaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, naandika kilomita, nikirudi kujaza tena, najaza hadi pampu ikate, nagawa kilomita nilizotembea kwa lita zilizoingia. Haya ndiyo niliyoyaona. Safari ya Mwanza kwa lami, mwendo wa 70 hadi 80, watu wawili: kilomita 23 kwa lita. Kwenda Bariadi na watu watano, kiyoyozi kikiwaka kwa joto la mchana: 20. Njia za vumbi za mitaa yetu, na mzigo: 18. Mvua za masika, matope, gari likijikokota: 15 au 16. Upepo wa tairi ukipungua, kilomita moja inaondoka. Na dashibodi ilikuwa ikinisifu siku zote: yenyewe ikisema 24, daftari linasema 22.

Kwa hiyo hakuna siku nilipata 35. Hata hivyo, katika safari za kanisa, ambazo karibu zote ni za vumbi, wastani ulikuwa 18. Tazama namba hiyo vizuri, msomaji wangu. Ni mara mbili ya 9.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mama mhazina aligawa kwa 9 kama kawaida, akanipa bahasha. Nilijua. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikajiambia nitasema mwezi ujao, nikiwa na uhakika wa kipimo. Mwezi wa pili nikajiambia kwamba gari lina tairi, lina oili, lina matengenezo, na hayo hakuna anayenirudishia. Mwezi wa tatu sikujiambia kitu. Dhambi ikishazoeleka haihitaji tena hoja.

Ningependa kusema kwamba hakuna aliyeumia. Lakini mwanzoni mwa 2023 kamati ilikaa juu ya bajeti, na mwenyekiti akasema mafuta yamekuwa mzigo. Mtaa wetu wa mbali kuliko yote ulikuwa ukitembelewa mara mbili kwa mwezi. Tukaamua iwe mara moja. Nasema "tukaamua" kwa sababu mkono wangu nao ulinyooshwa. Nilikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyejua kwamba fedha zile zile zingetosha safari zile zile na nyingine juu yake.

Katika mtaa ule kuna bibi mmoja asiyeweza kutoka kitandani, ambaye mchungaji humpelekea Meza ya Bwana nyumbani. Mwezi mmoja safari yetu pekee iliangukia siku ya mvua, mto ukajaa, tukarudi. Bibi yule akakaa karibu miezi miwili bila kushiriki. Tulipofika, alishika mkono wangu, dereva, akasema, "Wabeja, mwanangu. Najua mafuta ni ghali." Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Ikaja Julai na sadaka za mavuno. Mnajua kwetu mavuno ni pamba, na wengine hutoa pamba yenyewe. Nililaza viti vya nyuma vya gari, nikasomba viroba vya pamba ya sadaka kutoka mitaani, Jumapili tatu mfululizo. Baada ya hapo gari likabadilika. Feni ya nyuma ikavuma kwa sauti, injini ikawa haipumziki, na daftari likaonyesha 17, kisha 15, kisha 12, tena katika kiangazi kikavu. Halafu taa ya onyo ikawaka.

Fundi wa kwanza alisema betri kubwa imekufa, akataja zaidi ya shilingi milioni mbili. Kijana mwingine, fundi mdogo, aliinama pembeni ya kiti cha nyuma akanionyesha tundu ambalo sikuwahi kulijali. Ndipo betri ya haibridi inapovutia hewa ya kujipoza. Alifungua, akatoa nyuzi za pamba zilizoshikamana na vumbi kama godoro dogo. Betri ilikuwa haipati hewa. Ikichemka, gari linaiogopa, linaacha kuitumia, na kazi yote inairudia petroli. Alisafisha feni kwa brashi na upepo wa pampu, akanidai shilingi 30,000. Wiki ile ile nikarudi 18. Nawashauri wenye magari ya namna hii: tundu lile lisafishwe, na msiweke mzigo wala nguo juu yake.

Sasa tazama moyo wa mtu. Mimi niliyekuwa na lita za kanisa mfukoni nilikwenda kwa mama mhazina kudai zile 30,000, kwa sababu pamba ilikuwa ya sadaka. Alinisikiliza, akasema kwa upole, "Sawa, Mwalimu. Kamati itataka kuona. Lete lile daftari lako, tuone lilikuwa likila vipi kabla ya pamba na baada yake."

Usiku ule nilikaa mezani na daftari mbele yangu, na pembeni daftari jipya, tupu. Nilikuwa na kalamu mbili za rangi tofauti, ili ionekane limeandikwa kwa siku nyingi. Mke wangu alitoka chumbani akaniuliza, "Unaandika nini usiku huu?" Nikasema, "Hesabu." Akatazama yale madaftari mawili, akanitazama, akarudi kulala. Hakusema neno, na ningependa angesema.

Nikamkumbuka baba. Nilikuwa mtoto tulipopeleka pamba kuuza kwa mkokoteni wa ng'ombe. Furushi tulilokuwa tumelipima kwa jirani kilo 52, mizani ya mnunuzi ikasema 46. Baba alimtazama karani, karani akatazama karatasi zake. Tulirudi kimya. Karibu na nyumbani baba akasema, "Mwizi wa usiku huacha alama za miguu. Mwizi wa mizani haachi kitu." Kwa miaka 50 nimemchukia karani yule. Usiku ule niliona kwamba nimekuwa yeye. Mizani yangu ilikuwa tangi la gari, na niliowapunja walikuwa watu wanaotoa kiroba cha pamba kwa ajili ya Mungu.

Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza na jambo hili hili la mizani ya uongo, na Bwana wetu katika Luka 16 anafundisha kwamba anayeshindwa uaminifu katika dogo hatauweza katika kubwa. Maneno hayo nimeyafundisha Shule ya Jumapili. Sikuwahi kuyasoma nikiwa na daftari la mafuta mkononi.

Nilipiga hesabu ya kweli. Kwa miezi 14 nilikuwa nimeendesha kilomita 5,400 kwa kazi ya kanisa. Kwa 9 nililipwa lita 600. Gari lilikunywa lita 300. Kwa bei ya shilingi 3,000, zile 300 zilizobaki ni 900,000. Nilichana daftari jipya. Asubuhi nilikwenda kwa mchungaji, na Jumamosi nikasimama mbele ya kamati na daftari la zamani.

Kulikuwa kimya kirefu. Mama mhazina alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Kugawa kwangu kulikuwa sahihi. Ni ile 9 iliyokuwa ya uongo." Mzee mmoja alisema jambo lililoniumiza kuliko karipio lolote: "Mwalimu, ungetuambia tu kwamba tairi zinakuelemea. Tungekupa cha tairi." Ni kweli. Wangenipa. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho ningepewa kwa kuomba, pamoja na kingine ambacho kisingerudi: zile safari za mtaa wa mbali.

Waliniombea. Waliniomba pia nikae nje ya kamati kwa miezi 6, nami nilikubali, kwa kuwa msamaha haufuti matokeo. Nililipa 75,000 kila mwezi kwa miezi 12, hadi ikaisha. Na zile 30,000 za feni kamati ilizilipa, ikisema pamba ilikuwa ya sadaka kweli. Nilitaka kukataa. Mchungaji akaniambia nipokee, kwa sababu haki ni haki hata ikimwendea aliyekosa. Sijawahi kupokea fedha nikiwa na aibu namna ile.

Leo utaratibu wetu ni mwingine. Kwa safari ya kanisa tunajaza tangi kabla, tunajaza tena tukirudi, na kanisa linalipia lita zilizoingia, hazizidi wala hazipungui. Kuna kiasi kidogo kilichoandikwa wazi kwa ajili ya tairi na oili. Daftari linakaa kwa mama mhazina. Mtaa wa mbali unatembelewa tena mara mbili kwa mwezi, na mwezi uliopita gari lilikwenda kwa 17, kwa sababu ya matope.

Siku moja nilimweleza bibi yule habari yote, nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mafuta yalikuwepo?" Nikasema, "Yalikuwepo, bibi." Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono kama ile mara ya kwanza, nami safari hii sikutoka nje.

Wapendwa, kila mmoja wetu ana namba anayoijua peke yake: saa za kazi, uzito wa debe, chenji iliyozidi, kilomita za gari. Wengine wakituuliza tunaweza kutoa namba ya muuzaji, au ile ya dashibodi inayotusifu. Mungu na atupe neema ya kujaza tangi hadi likate, na kuandika kilichoingia.

Na ukiniona naegesha, niulize. Ni kilomita 18, kwa njia zetu hizi.