Kodi Niliyoikemea Kanisani

Jambo hili nimekaa nalo karibu mwaka mzima. Wengine wenu mlikuwepo Jumapili ile, kwa hivyo nusu ya habari mnaijua.

Tulikuwa tunaombea wagonjwa. Wimbo ulikuwa kwa C, timu ikafika F ikakaa hapo, nami nikashika maiki. Kijana wetu wa gita akapiga kodi ya F (nasema kodi za gita, si zile za KRA), lakini ndani yake kulikuwa na sauti moja iliyonichoma sikio. Akairudia. Nikageuka nikamwambia mbele ya kanisa lote, "Kijana, kama F imekushinda, weka gita chini." Akaliweka. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Kama umewahi kujifunza gita unajua kwa nini nilisema hivyo. F hutesa kila anayeanza, kwa sababu kidole cha kwanza lazima kikandamize nyuzi mbili nyembamba pamoja kwenye freti ya 1. Wengi wakichoka wanakiinua tu, na nyuzi hizo zinalia wazi. Basi badala ya F ya kawaida unasikia F, A, B na E. Ile B ndiyo iliyonichoma. Nilidhani ni uvivu.

Mpiga kinanda wetu akanijia wiki ile, kwa heshima zote. "Pasta, yule hakukosea. Ile ni kodi ya modi ya Lidia." Nikamwuliza, Lidia yupi, yule muuza zambarau? Akacheka. Lidia ilikuwa nchi, huko ambako leo ni Uturuki. Lakini sikuwa mbali, maana Thiatira, mji wa yule mama wa Matendo 16, ulikuwa katika eneo hilohilo.

Akanikalisha kwenye kinanda. Nami nikukalishe wewe pia. Chukua solfa unayoijua: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Pandisha fa nusu hatua iwe fi, zile nyingine ziache. Hiyo ndiyo Lidia. Ukitaka kuisikia haraka, anza kwa F upande kwa vitufe vyeupe peke yake mpaka F nyingine. F ndiyo do yako, B ndiyo fi.

Hapo kodi zinabadilika. Ya pili, ambayo tumezoea kuisikia na huzuni kidogo, inakuwa angavu: piga G huku besi ikishikilia F, kisha urudi F. Utahisi kama mtu amefungua dirisha. Lakini besi asiondoke F. Akitua C, sikio linahamia C na kusema hapa ndipo nyumbani, na Lidia imeisha.

Kilichonishika ni kodi ya nne. Unaijua ile Amina ya mwisho wa nyimbo za kitabuni, A-a-mi-na, taratibu? Hiyo hutoka kodi ya nne kwenda ya kwanza. Kwa Lidia, ya nne inakuwa B, D, F, kodi isiyotulia kabisa. Ile Amina haiwezi kutoka. Muziki unabaki umesimama pale, uso juu, haufungi.

Na mimi ni mtu wa kufunga. Waumini wangu mnanijua: nikiomba dakika tatu, lazima Amina iwe kubwa na watu wapige makofi.

Mpiga kinanda akanipa habari ya Beethoven. Mwaka 1825 aliugua sana tumbo, akapona, akiwa tayari ni kiziwi. Katika kwateti yake ya opus 132, ya fidla mbili, viola na cello, sehemu ya tatu aliipa jina la wimbo mtakatifu wa shukrani kwa Mungu, wa mtu aliyepona, katika modi ya Lidia. Ni F ileile, na B ileile isiyoshushwa. Unaenda pole, karibu robo saa. (Na ukitumiwa video inayosema kanisa la kale lilipiga marufuku sauti hizi kwa kuwa ni za shetani, tafadhali usinitumie. Ni kweli walimu wa muziki wa Ulaya waliita pengo la F na B "shetani katika muziki". Lakini modi hiyo iliimbwa kanisani, ikihesabiwa ya 5 kati ya 8, ingawa waimbaji mara nyingi walishusha B ili kuilainisha.)

Nilienda kwao kijana. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Akaniambia polepole, "Pasta, siku ile mama alikuwa kwa foleni ya maombi. Nilikuwa nampigia yeye." Sikumwona mama. Nilisikia B tu.

Nilimkosea hadharani, ndiyo maana naandika hapa hadharani, na amenikubalia.

Jumapili iliyopita mlimwona amerudi, pale nyuma karibu na besi. Mama bado anaenda kliniki. Tulipofika F nikamwashiria kwa kichwa akae hapo. Akakiinua kile kidole, nyuzi zikalia wazi, nami nikaweka maiki chini nikangoja amalize.